Mama Spika azima kipaza sauti, aanza kujifunza kusalimu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya maghala ya nafaka, mwanamke mnene mwenye futi kamba shingoni anafuta vumbi kwenye cherehani yake. Cherehani hiyo ya kukanyaga imewekwa kwenye kibaraza cha duka lenye dirisha la nondo.

Kabla hajatia uzi kwenye sindano, bibi mmoja mwenye fimbo anasimama mbele yake na kumsalimu kwa lugha ambayo huisikii kwingine mjini. Fundi anajibu. Bibi anatikisa kichwa na kurudia neno polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Fundi anajaribu tena. Safari hii bibi anacheka mpaka anaegemea nguzo.

"Leo nimemwambiaje?" fundi anamuuliza mwenye duka.

"Umemwambia, umeamkaje, ewe nyumba," anajibu mwenye duka bila kuinua macho kutoka kwenye mizani yake.

"Afadhali. Juzi nilimwita kamba."

Huyo ndiye Mama Spika. Ana watoto wakubwa, wajukuu wawili, na sauti ambayo majirani zake wanasema haihitaji umeme. Ni fundi cherehani, na pia ni mwinjilisti wa kanisa dogo la mabati lililo upande wa pili wa reli. Jina hilo alipewa miaka mingi iliyopita, enzi alipokuwa akihubiri sokoni na kipaza sauti begani.

"Nilikuwa naamini kama mtu hajaokoka, basi hajanisikia vizuri," anasema huku akivuta kiti. "Dawa yake ilikuwa kuongeza sauti."

Watu wanaoishi nyuma ya maghala walifika hapa baada ya ukame kuwamalizia ng'ombe. Walikuja familia kwa familia, wakajenga vibanda, wanaume wakatafuta vibarua na wanawake wakawa wanasuka vikapu. Lugha yao ni yao wenyewe. Hata ukaaji wao ni tofauti na wa mjini. Ukiongea nao wanakusikiliza mpaka mwisho, kisha wananyamaza kwanza kabla ya kujibu. Asiyewazoea huona kama simu imekatika.

Mama Spika aliwaona kila alipopita kupeleka sare za shule alizoshona. Moyo ukamwambia hawa nao wapelekewe neno la Mungu. Alipopeleka wazo hilo kanisani, mchungaji alifurahi sana, akamwombea, na akamkabidhi kipaza sauti kipya.

Siku ya kwanza alimwomba mwenye duka amtafsirie, kwa kuwa mwanaume huyo ameoa kwao na lugha anaijua. Watu walikusanyika, wakaketi chini, wakatulia. Mama Spika akawasha kipaza sauti.

"Nikawaambia njooni kwenye maji ya uzima. Njooni nyote, ni bure, mnywe msione kiu tena. Nilikuwa moto kweli siku ile."

Mwenye duka anakiri kwamba tafsiri yake ilikuwa fupi kidogo. "Mama anaongea haraka," anajitetea. "Mimi niliwaambia kuna maji, ni safi, na ni bure. Sasa hapo nimedanganya wapi?"

Watu wakatazamana. Akainuka mmoja, akaondoka. Akafuata mwingine. Muda si mrefu uwanja ukabaki mtupu, na Mama Spika akadhani amewaudhi. Kumbe walikuwa wamekwenda nyumbani. Walirudi na ndoo, madumu, masufuria, na mzee mmoja akiviringisha pipa.

"Mimi nikajua hawa wanataka ubatizo," anasema Mama Spika. "Tena nikasema moyoni, watu wa ajabu, wamekuja na vifaa."

Bomba la mtaa huo lilikuwa halijatoa hata tone kwa miezi mingi. Wanawake walikuwa wakivuka reli alfajiri kwenda kupanga foleni kwa wenzao, ambako si mara zote walipokelewa vizuri. Kwa hiyo tangazo la maji ya bure halikuwa jambo dogo. Yule bibi mwenye fimbo, ambaye watu wa mtaa humsikiliza kuliko mtu mwingine, alisogea mbele na ndoo yake akauliza maji yako wapi.

Mama Spika akaanza kueleza kwamba maji anayoyasema si ya kwenye ndoo, ni ya rohoni. Hapo mkalimani wake akagoma.

"Nikamwambia, mama, hilo silitafsiri," anasema mwenye duka. "Wewe utarudi kwako. Mimi nina duka hapa."

Hawakumzomea, wala hakuna aliyepaza sauti. Waliketi kando ya ndoo zao, wakamtazama, wakasubiri.

"Bora wangenirushia mawe," anasema. "Nikapiga simu kwa baba watoto."

Mume wake ni fundi bomba, mtu mpole asiyependa maneno mengi, labda kwa sababu nyumbani kwake nafasi ya maneno ilishajaa. Anayakumbuka vizuri mazungumzo ya siku ile.

"Akaniambia, baba watoto, nimewaahidi watu maji. Nikamuuliza, maji gani? Akasema, ya uzima. Nikamwambia hayo si ya idara yangu, mpigie mchungaji. Akasema, wameleta ndoo."

Mume akauliza ndoo ngapi. Alipoambiwa kuna na pipa, akachukua mfuko wa spana.

Aliomba ruhusa ofisi ya maji, akapewa na maneno ya kumtakia heri. Siku kadhaa alifukua taka nyuma ya ghala kubwa akitafuta njia ya bomba, mkewe akimshikia sururu bila kusema kitu, jambo ambalo mume anasema lilimtia wasiwasi. Mwishowe wakaikuta koki kuu imeliwa na kutu, imefungwa, na juu yake kumejengwa banda la kuku. Mwenye kuku alihamisha banda. Koki ikabadilishwa. Bomba likakohoa, likatema tope, kisha maji yakaja.

Mama Spika anasema jaribu lake kubwa halikuwa siku ya aibu, lilikuwa siku hii. Mtaa mzima ulikuwa umesimama bombani. Bibi mwenye fimbo alijaza ndoo yake, akaonja, akaja mpaka mbele yake na kuuliza, "Sasa unatudai nini?"

"Ulimi ulishajikunja kusema, njooni kanisani Jumapili. Wangekuja wote, mpaka yule mwenye kuku. Kipaza sauti kilikuwa humo ndani ya mkoba, kimejaa chaji." Anatazama mikono yake. "Mume wangu alikuwa anajifuta tope. Akaniangalia vile anavyoniangalia nikitaka kuongeza chumvi kwenye chungu ambacho kimeshakolea. Nikasema, hatuwadai kitu. Mimi niliwaahidi maji ambayo sikuwa nayo, huyu ameyatafuta."

Bibi alinyamaza kwa muda wao wa kawaida, yaani mrefu. Kisha akasema kupitia kwa mwenye duka, "Basi kesho uje nikufundishe kusalimu. Wewe umekuja hapa na habari nyingi na hujasalimia hata mtu mmoja."

Kesho yake alikuja. Mwezi uliofuata akahamishia cherehani yake kwenye kibaraza cha duka. Kipaza sauti akakirudisha kanisani kikiwa kwenye boksi lake.

Masomo hayakuwa rahisi. Wiki kadhaa alizunguka mtaani akiwaambia akina mama kwamba Mungu anawapenda. Walimjibu kwa heshima, lakini kila mmoja alinyoosha mikono pembeni na kusimama wima. Akadhani ndivyo wanavyopokea baraka. Ndipo mwenye duka alipomweleza kwamba katika lugha ile kupenda na kupima vinatofautiana kwa pumzi kidogo tu.

"Nilikuwa nawaambia Mungu anakupima, nami nimevaa futi kamba shingoni. Wao wakajua kuna nguo zinakuja."

"Mke wangu anaulizia ya kwake mpaka leo," anaongeza mwenye duka.

Kanisani nako hali haikuwa shwari. Kila mwisho wa mwezi wazee wa kanisa walimuuliza amepata roho ngapi, naye kila mwezi alijibu hana hata moja, ila sasa anajua kusalimu wakwe. Wazee wakaanza kusema fundi anatumia jina la huduma kutafuta wateja. Wakamtuma mchungaji akaone mwenyewe, na kama hakuna kinachoendelea, kazi ifungwe.

Mchungaji alifika na suti yake ya kijivu na Biblia kubwa. Kabla hajafungua kinywa, bibi alimwonyesha kigoda kifupi kando ya cherehani. Akaketi, magoti yakawa usawa wa masikio. Bibi akatamka salamu, mchungaji akairudia kwa sauti ya mimbarani, na watoto wote waliokuwa karibu wakakimbia wakicheka.

"Hadi leo hawajaniambia nilisema nini," anasema mchungaji alipotafutwa kwa maoni yake. "Nilikaa pale mpaka jua likawa kali. Nilikwenda kukagua, nikakaguliwa. Niliporudi niliwaambia wazee wamwache dada yetu, sisi wengine hatujafika hata kwenye salamu."

Kisha ukaja msiba. Mtoto wa mwisho wa bibi, kijana aliyekuwa kibarua kwenye machimbo ya mawe, alifukiwa na kifusi. Mama Spika alipopata habari alifunga cherehani akaenda. Njiani alipanga mahubiri yote ya faraja anayoyajua, naye anayajua mengi. Alipofika mlangoni akagundua hana maneno ya kuyasemea. Kwa lugha ile alikuwa na salamu, maji, nguo, majina ya watoto, na neno moja la kulia.

"Nikakaa kwenye mkeka. Nikalia na wenzangu. Nikaosha vyombo. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa na watu siku nzima bila kuwaambia kitu."

Jioni moja, wageni walipopungua, bibi alimgeukia na kumuuliza kwa maneno mepesi, akichagua yale aliyomfundisha mwenyewe, "Huyo unayetaka kutuambia habari zake, yeye hulia?"

Mama Spika akajibu kwa yale machache aliyokuwa nayo, na mengine aliyoyaokota pale msibani. Alilia. Rafiki yake alikufa. Akaenda kaburini. Akalia.

Nje mtu alikuwa akikinga maji, yakisikika yakigonga ndoo. Bibi akasema, "Kisha?"

"Hapo ndipo maneno yaliponiishia," anasema Mama Spika, akicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa anachokishona. "Nimehubiri miaka yote hiyo watu wakisinzia. Leo mtu ananiuliza mwenyewe, kisha, na mimi sina kisha. Nikamwambia, mama, nipe muda nijifunze. Akasema, jifunze, mimi nipo."

Muda huo unaishia Jumamosi hii. Bibi amewaalika wanawake wa mtaa nyumbani kwake wasikilize hadithi hiyo ya kaburini kuanzia mwanzo. Mama Spika ameomba aisimulie mwenyewe, bila mkalimani, bila kipaza sauti. Mwenye duka anasema amefurahi kupumzishwa.

Lililobaki lilikuwa neno moja, la kumwelezea mtu aliyekuwa kaburini akatoka hai. Kila mchana wiki hii wanawake wamekuwa wakilibishania kibarazani. Mwenye duka alitoa neno la kuamka, fundi akalikataa, maana watadhani alikuwa amesinzia. Mama mmoja akatoa neno la kuinuka, likaonekana ni la mtu anayempisha mwenzake kiti.

Aliyelipata ni mkwe wa bibi, mjane wa yule kijana wa machimboni, ambaye alikuwa amekuja tu kuchukua gauni lake. Alisikiliza mabishano, akanyamaza kama kwao wanavyonyamaza, kisha akasema kuna neno la ng'ombe. Ni la ng'ombe aliyeanguka wakati wa ukame, mwenyewe ameshamlilia, majirani wameshanoa visu, halafu asubuhi wanakwenda na kumkuta amesimama.

Mwenye duka aliweka mizani chini.

"Hilo ndilo," anasema Mama Spika. Tangu siku hiyo analirudia kila anapokanyaga cherehani, na wapita njia wanamrekebisha. Anajua Jumamosi atakosea mahali. "Watacheka, wataniambia linavyosemwa, nami nitaendelea. Naomba Mungu tu nifike mwisho wa hadithi."

Mjane alishachukua gauni lake siku ile, lakini leo amerudi kibarazani. Anasema amekwisha kumwambia mama mkwe kwamba Jumamosi hatakwenda kibaruani.

"Nami nataka kujua," anasema, "ni nani huyo aliyesimama."