Mfuko wa Nyuma ya Mlango

Barua ilisema jengo letu la South Beach limeuzwa, na wenye nyumba wapya wanataka tutoke ndani ya siku saba. Mama hakubishana. Alivuta mfuko uliokaa nyuma ya mlango tangu tufike Durban, akaketi kitandani na viatu miguuni. Tulipokimbia Bukavu hakuna aliyetupa hata saa moja, kwa hiyo siku saba aliziona fadhila.

Mimi nilikasirika. Nilimburuta mpaka kwa wakili wa msaada wa bure, mkataba wetu mkononi. Wakili aliusoma, akasema nyumba kuuzwa hakuvunji mkataba; wenye nyumba wapya wameurithi pamoja na kuta. Anayeweza kututoa ni jaji tu, tena baada ya kutusikiliza.

“Muulize kama jaji atanisikiliza hata mimi, mkimbizi,” Mama akaniambia.

Nikauliza. Wakili akasema ndiyo.

Tuliporudi, Mama alivua viatu, akafungua mfuko, akaanza kupanga vitu kabatini. Cha mwisho kutoka kilikuwa sweta langu, limekunjwa vizuri. Lingemtosha mtoto wa miaka minne. Mimi nilikuwa na ishirini na mmoja.