Kiswaswadu cha Nesi Zena

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata bisibisi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na duka moja la redio mjini Morogoro lilikubali kunifundisha ufundi. Mwenye duka, Bwana Kanti, Mhindi mpole aliyezaliwa mtaa huohuo, alinifikisha kwa Fundi Mkuu akasema, "Huyu amesoma. Usimharibu." Fundi Mkuu alikuwa Mluguru mwenzangu wa Mgeta, mtu wa maneno machache. Alinionyesha kigoda. "Leo kazi yako ni kusikiliza wateja. Redio haina mdomo. Mwenye nayo ndiye atakayekuambia inaumwa nini."

Nilisikiliza kutwa nzima, na kesho yake pia. Siku ya tatu alinipa mita, yaani kile kipimo cha umeme chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Nilipokisia ubovu kabla ya kupima, alininyang'anya. "Ukitaka kukisia, nenda kapige ramli. Hapa tunapima."

Ufundi wote nilionao ulitoka kwenye sentensi ile. Simu za mkononi zilipokuja, Bwana Kanti alinituma kufungua kibanda cha duka pale Mikese, kando ya barabara kuu. Abiria wa mabasi na wakulima walioshusha mizigo yao walikuwa wateja wangu. Simu zenyewe zilikuwa hizi za vitufe, zenye tochi kichwani, ambazo vijana huziita viswaswadu. Nilizipenda tangu niifungue ya kwanza. Ndani yake kuna bodi moja ya kijani, vitufe vyake ni vibati vidogo vya duara vinavyobonyea chini ya kidole, na mtu mwenye subira anaweza kufuata njia ya umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye kioo kwa macho yake mwenyewe. Njia ikikatika, unapiga jampa: unaunganisha pande mbili kwa uzi mwembamba wa shaba, kisha unalehemu kwa risasi. Nilifufua simu zilizotumbukia kwenye uji, kwenye mafuta ya taa, moja hata kwenye choo cha shimo. Mwenyewe aliniomba nisimwambie mkewe.

Sifa zilinirudisha mjini. Fundi Mkuu alipostaafu nilikalia kiti chake, na hapo ndipo nilipoharibu.

Bwana Kanti alikuwa amezeeka, na duka likawa chini ya Meneja wa Mauzo, kijana mwenye shati lililopigwa pasi sawasawa. Simu za kupangusa kioo kwa kidole zilikuwa zimeingia. Asubuhi moja alisimama mbele ya meza yangu akaangalia sanduku la mizoga, maana ndivyo tunavyoita simu zilizokufa ambazo fundi huzihifadhi kwa ajili ya spea.

"Mzee, hivi viswaswadu vipeleke makumbusho. Mteja akija nacho, mwambie wakati wake umekwisha."

Ningeweza kubisha. Sikubisha. Nilipenda kuonekana fundi wa kisasa, na kila mteja aliyeniletea simu ya vitufe nilianza kumkaribisha kwa dhihaka.

Nesi Zena alikuja wakati huo. Alikuwa mkunga katika zahanati moja ya juu milimani, upande wa Kinole, na simu yake niliifahamu, kwa kuwa niliwahi kuipiga jampa kwenye njia ya chaji. Safari hii kitufe cha namba tano kilikuwa kinakwama.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Nesi mzima bado unatembea na kiswaswadu? Wajawazito hawakucheki?"

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Naye akacheka, lakini nilimwona akiifunika simu kwa kiganja. Kufika saa sita alikuwa amenunua ya kupangusa.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Katika simu zile, majina huhifadhiwa sehemu mbili: mengine kwenye laini, mengine kwenye simu yenyewe. Ukihamisha laini, yaliyo kwenye simu yanabaki. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote Morogoro. Lakini foleni ilikuwa ndefu na Meneja alikuwa ananitazama, nikahamisha laini peke yake. Nesi aliniomba nimtunzie simu ya zamani. Nikasema ndiyo. Wiki hiyohiyo niliitia kwenye gunia pamoja na mizoga yote, nikampa fundi mwenzangu wa Ngerengere aliyekuwa anapita.

Masika ikaingia. Kule juu umeme ni wa sola, na mawingu yakikaa siku tatu, sola haitoi kitu. Ile simu mpya ya Nesi ilikuwa inazima kabla ya adhuhuri. Mwanamume mmoja wa ng'ambo ya bonde, Baba Mwajuma, alimpigia Nesi kuanzia adhuhuri hadi jioni, mkewe akiwa na uchungu. Hakupatikana. Wakambeba mama kwa machela kwenye njia ya utelezi, na mtoto akazaliwa njiani, kwenye jiko la watu wasiowafahamu. Walipona wote wawili, lakini si kwa sababu yangu.

Nesi Zena alishuka mjini akaiweka simu ya kupangusa mezani kwangu. Safari hii hakunisalimia.

"Nirudishie simu yangu. Majina yangu yamo mle."

"Majina yapi?"

"Jirani wa Mama Hadija. Bodaboda wa Darajani. Mwenye simu wa kitongoji cha juu. Wajawazito wangu wengi hawana simu, fundi. Nawapata kupitia watu. Nimeyakusanya tangu nianze kazi. Masika haijaisha, na nina wanane wanaokaribia kujifungua."

Nikamwambia ukweli kwamba sikuitunza. Akasema, "Basi itafute."

Kesho yake nilikwenda Ngerengere. Yule fundi niliyempa gunia, Maganga, ni Mnyamwezi, nasi Waluguru tu watani wao. Mtani hakuonei haya, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Nilipomweleza shida yangu alilikalia gunia kama kiti.

"Sikupi."

"Maganga, nakuomba."

"Mluguru ananiomba! Jamani sogeeni, njooni mwone." Wateja wake wakasogea. "Waambie hawa ulifanya nini. Ukificha hata kidogo, narudi na gunia langu Tabora."

Kwa mtu mwingine ningeondoka. Kwa mtani huwezi. Nikasimama mbele ya wale watu na kusema yote: dhihaka, laini, ahadi, gunia, machela. Walianza wakicheka, ila nilipofika kwenye machela hakuna aliyecheka. Maganga akanyanyuka. "Haya. Chukua, na ukae hapahapa uitengeneze. Nataka kuona kama mkono bado upo."

Makava yalikuwa yameng'olewa zamani, zimebaki bodi tupu, zote za kijani. Nilizipanga juu ya meza moja moja. Ile ya Nesi niliitambua kwa jampa yangu: nina desturi ya kuupinda uzi mara moja kabla ya kuulehemu, na hakuna fundi mwingine ninayemjua anayefanya hivyo. Ilikuwa imeota kutu. Niliiosha kwa spiriti na mswaki laini, nikaianika, nikaifungia kioo na betri alivyonipa Maganga, nikapima. Betri ilipeleka umeme, kitufe cha kuwashia hakikupokea. Nikatafuta palipokatika, nikapakuta chini ya kutu, penye upana wa unywele. Nikapiga jampa. Kimya. Nikapima tena, nikalehemu upya.

Kioo kikawaka.

"Lo, mtani!" Maganga alipiga kelele kuliko mimi. Nilibonyeza majina. Yakaanza kushuka kwenye kioo: Baba Mwajuma, Bi Tatu Mtoni, Bodaboda wa Darajani. Sioni haya kusema kwamba nililia. Watu wazima walipiga makofi kwa sababu ya simu yenye kioo kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti.

Niliivalisha kava jipya na kumpelekea Nesi mwenyewe, kisha nikamwambia Meneja kwamba kuanzia siku ile nitatengeneza simu za vitufe au nitaondoka. Alinung'unika mwezi mmoja. Mwezi wa pili wateja walikuwa wanajaa mlangoni, naye akavitengea viswaswadu rafu nzima.

Nimestaafu sasa, naishi Bigwa. Macho hayawezi tena kuufuata uzi wa shaba, lakini watu bado wananifuata nyumbani, na siku hizi si wazee tu. Mwanafunzi wa chuo aliniambia, "Babu, nitafutie simu ambayo haitaki kunijua." Mfanyabiashara wa pilipili manga anataka inayokaa na chaji wiki nzima. Mama mmoja alitaka tu kusikia tena vitufe vikilia chini ya kidole gumba. Wengine huita hayo kukumbuka ya kale. Mimi nadhani watu wamepima, wakaona.

Nilibakiza jambo moja, na aibu ndiyo iliyonichelewesha. Mwaka jana nilipanda hadi kwa Baba Mwajuma kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku binti aliyezaliwa njiani akimenya ndizi pembeni yetu. Hakusema amenisamehe. Alitoa simu yake ya vitufe mfukoni, akapiga, akaiweka kwenye sauti kubwa. Mawingu yalikuwa yamefunika kilele na mvua ilikuwa inanyesha kwa siku ya nne.

Iliita mara moja tu.

"Nipo, Baba Mwajuma," Nesi Zena alisema. "Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Kuna fundi."