Amplifaya Ndani ya Kikapu cha Chai

Amplifaya hutoa sauti kabla hujagusa hata uzi mmoja wa gita. Ni mvumo mdogo, kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, na huja pamoja na harufu ya vumbi linaloanza kupata joto. Juzi binti yangu alinisihi nimpeleke mjini Kericho tukamchagulie amplifaya ya kufanyia mazoezi ya besi nyumbani. Muuzaji alipochomeka waya ukutani na mvumo ule ukaanza, nilijikuta nimekunja ngumi. Mtoto akadhani bei ndiyo iliyonikasirisha. Haikuwa bei. Nilikuwa nimemkumbuka Karani.

Ngoja nikujulishe Karani, maana nimembeba kifuani karibu miaka ishirini na sioni haya kulisema hilo. Kwetu, huko juu ya Kapsoit, alikuwa na vyeo viwili. Siku za kazi alikuwa karani wa sentera ya chai, pale wakulima wadogo wanapopeleka majani yao kukaguliwa na kupimwa. Jumapili alikuwa kiongozi wa kwaya na bendi ya kanisa letu. Kwa hiyo hakukuwa na siku ya juma ambayo mtu angepumua bila ruhusa yake. Pale sentera ulimwaga majani yako mezani, naye akayapekua kwa kidole kimoja, polepole, akitafuta jani gumu katikati ya majani mawili na kichipukizi. Akiridhika alisema, "Yapite." Asiporidhika alisema, "Yarudi," na wewe ukazoa majani yako watu wote wakikutazama.

Kogo wangu alirudishiwa majani mara nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Kogo ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita bibi, na huyu ndiye aliyenilea, mama yangu akiwa kazini Nairobi. Alichuma vizuri kama wengine. Kosa lake ni kwamba aliwahi kumuuliza Karani, mbele ya foleni nzima, kwa nini majani ya shemeji yake hayapekuliwi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilipiga besi kanisani. Mjomba wangu alinifundisha kabla hajaenda Qatar kutafuta kazi, akaniachia gita lake chini ya kitanda, bila amplifaya. Basi nilikuwa nikifanyia mazoezi kwenye gita la kanisa. Jumapili moja, katikati ya wimbo, Karani aliinua mkono, bendi ikanyamaza. Alikuja, akanivua gita shingoni na kumvika mpwa wake, kijana mpole aliyelishika kama jembe.

"Vidole vya kuchuma chai havijui nyuzi," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Wewe rudi."

Watu walicheka. Nawakumbuka wote waliocheka, na wengine wao nimewazika bila kutoa chozi.

Siku hiyo niliapa. Usiku sikulala kwa kupanga, na mipango yangu yote ilikuwa ya kelele. Nyumba ya Karani ilikuwa ng'ambo ya bonde, ikitazamana na yetu. Nilitaka amplifaya kubwa kuliko ya kanisa, niielekeze dirishani, nipige hadi mabati yake yang'oke misumari. Nilimwambia Kogo kila kitu. Alinisikiliza huku akitikisa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, wala hakunikemea. Bonasi ya chai ilipoingia, akaniamsha asubuhi.

"Vaa viatu. Leo tunaenda kununua hiyo mdomo ya gita."

Alivaa kitambaa chake cha Jumapili, tukashika njia ya Kericho. Mimi nikabeba gita la mjomba.

Mwenye duka alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, mchangamfu, na macho yangu yaliiangukia mara moja amplifaya yenye taa za rangi. "Hiyo wacha, madam mdogo," akaniambia. "Hiyo ni ya gita la solo. Ukiipigia besi, spika itapasuka kabla ya Krismasi." Kogo aliikaribia hata hivyo. Akaizunguka. Akapitisha kidole kimoja juu yake, polepole, akainua kidevu.

"Irudi," akasema.

Mwenye duka akacheka, akaleta ya pili. Hii ilikuwa ya besi hasa, kubwa, nzito, ya kumbi na viwanja. Nilipopiga uzi mnene vioo vya duka vilitetemeka, nami nikayaona mabati ya Karani yakipaa. Nikasema, "Hii! Kogo, ni hii!" Kogo akamwambia mwenye duka aipunguze sauti hadi ile ya kusikika chumba kimoja tu. Ilipopunguzwa, noti zangu zilipotea, ukabaki mkoromo.

"Shosho uko sawa," mwenye duka akamkubalia Kogo. "Hii bila kufunguliwa haiongei vizuri. Ya nyumbani inafaa iongee vizuri ikiwa chini."

"Irudi."

Ya tatu ilikuwa na kitu kilicholegea ndani, kikalia kila nilipogusa uzi. Kogo aliweka sikio, akaweka kiganja, akaomba taa iletwe karibu, akaipekua hadi mgongoni. Nje foleni haikuwepo, lakini yeye alikagua kama mtu ambaye watu hamsini wanamngoja. Wateja wawili walikuwa wamesimama wakitutazama. Mimi nilikuwa nataka ardhi inimeze. Nilimvuta sweta: "Kogo, twende. Kogo, watu wanaangalia."

"Irudi!" akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, kisha akageuka akaniangalia.

Tuliyonunua ilikuwa ya nne, ndogo, kimo cha debe, yenye tundu la kuchomeka hedifoni, zile za kufunika masikio. Ukizichomeka, mpigaji anasikia besi yote na aliye kando yako hasikii kitu. Nililia njia nzima. Mtu anaenda vitani ananunuliwa silaha isiyotoa mlio! Kogo aliniacha nilie hadi tulipofika karibu na nyumbani, ndipo akasema, "Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Huyo mtu asisikie hata noti moja mpaka siku yake."

Nikaanza mazoezi. Kila jioni baada ya kukama ng'ombe nilivaa hedifoni, na ndani ya nyumba kukasikika tu tuk-tuk ya vidole kwenye nyuzi, kama kuku anayedonoa sufuria. Nilikosea mara elfu bila mtu wa kunicheka. Chuki ilinisaidia sana; siku nilipochoka niliukumbuka ule mkono wake shingoni kwangu na uchovu ukaisha. Karani alimuuliza Kogo pale sentera, "Yule msichana aliacha hiyo wazimu yake?" Kogo, mama wa kanisa asiyekosa ibada, akamjibu, "Aliacha."

Siku ya mavuno ikafika. Kwetu siku hiyo kila nyumba hupeleka madhabahuni ilichojaliwa: kabichi, kuku, debe la mahindi. Zamu yetu ilipofika Kogo alipita katikati ya kanisa na kikapu chake cha chai mgongoni, nami nyuma yake na gita. Alikishusha mbele ya pasta, akatoa amplifaya, akaipangusa kwa kitambaa.

"Mwaka huu sina kuku," akasema. "Nimeleta huyu."

Pasta akacheka, akanionyesha penye stima. Mvumo ukaanza. Amplifaya ile ilikuwa ndogo mno kwa kanisa, na hilo ndilo lililommaliza Karani, maana watu ilibidi wanyamaze kabisa ili wasikie. Walinyamaza hadi watoto. Nilipiga wimbo uleule alionikatizia, kutoka mwanzo, nikamtazama yeye tu. Nilipofika pale alipoinua mkono siku ile, nikapita. Akina mama wakaanza kuimba bila kuambiwa.

Nilipomaliza, Kogo hakurudi kukaa. Alimgeukia Karani, aliyekuwa amesimama kando ya kwaya.

"Karani," akamuuliza kwa heshima yote, "haya majani yapite, ama yarudi?"

Kanisa zima lilikuwa wakulima wa chai. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Karani alitazama chini, akamtazama pasta.

"Yapite," akasema.

"Sijasikia."

"Yapite!"

Mpwa wake ndiye aliyepiga makofi ya kwanza, maskini, kwa furaha ya kuondolewa mzigo.

Karani sasa ni mzee wa mkongojo. Tukikutana namwamkia vizuri kwa sababu nililelewa. Sijamsamehe, wala sijaanza kujaribu.

Kwa miaka mingi niliihesabu siku ile ya mavuno kuwa ndiyo kisasi chetu. Kisha miguu ya Kogo ikashindwa na mlima, nikaanza kumpelekea majani sentera. Karani alikuwa amestaafu, lakini kijana aliyemrithi alirithi na kidole. Siku moja akanirudishia. Nilizoa majani mezani, watu wakitazama, nikabeba kikapu kushuka nacho, na hapo njiani ndipo nililikumbuka lile duka. Kogo hakwenda Kericho kwa ajili ya mabati ya mtu. Katika maisha yake yote, ile ndiyo ilikuwa saa pekee ambayo yeye ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza, na alitaka mtu mmoja awe shahidi.

Aliposema "Irudi!" ya tatu na kugeuka, uso wake ulikuwa umejaa kicheko alichokizuia. Alikuwa ananingoja mimi nicheke kwanza. Mimi nikaangalia mlango.