Pakiti za "Njoo Tena"

Juzi juzi nilikwenda Guangzhou kufuata mzigo wa mapazia, na nilipomaliza kubishana na watu wa vitambaa kule Zhongda nikajiambia, acha nipite mtaa wa Xiaobei nikaone kama duka la yule bibi wa Kichina wa utotoni mwangu bado lipo. Halipo. Pale palipokuwa na kaunta yake ya mbao sasa panauzwa makava ya simu, na kijana muuzaji akaniuliza natafuta nini. Sasa nimwambie nini? Nikanunua kava nisilolihitaji, nikatoka nje nikasimama barabarani nacheka peke yangu kama nimechanganyikiwa.

Nikwambie basi nilichokuwa nacheka.

Tuliishi juu ya barabara ile nilipokuwa mtoto, miaka ile ambayo kila mwenye mtaji kidogo Kariakoo alikuwa anaulizia tiketi ya China. Baba alikuwa anakusanya mizigo ya watu na kuipeleka Dar, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa nusu nyumba, nusu stoo. Asubuhi sikuamshwa na jogoo wala saa, niliamshwa na solotepu ikivutwa juu ya maboksi, krrr, krrr. Chai nilinywea juu ya boksi la feni, hesabu za shule nilifanyia juu ya marobota ya vitenge. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya solotepu wakati baba anazungusha, na nikizembea ikajikunja, nilikuwa nasemwa mpaka adhuhuri. Dirishani harufu ya mkate wa tanuri ilipanda kutoka chini, mkate wa duara wenye ufuta, na mama akinituma kuununua nilirudi nao umeshamegwa pembeni. Mama alikuwa anauliza hiyo tanuri ina panya gani.

Mlango wa pili, upande wa pili wa korido, walikaa watu wa Lubumbashi. Baba wa kule alinunua vipuri vya magari, mama wa kule tulimwita Maman, kama walivyomwita wanawe, na sombe yake, ndiyo kisamvu cha kwao, ilikuwa inatunyima raha kila Jumapili mpaka bakuli letu livuke korido. Ijumaa bakuli lao lilivuka kuja kwa pilau. Walikuwa na mvulana wa rika langu na binti mdogo ambaye alikuwa bado anang'oa meno ya utoto. Yule mvulana nilimwita Jirani, naye akaniita Jirani, na ikaishia hapo, majina yetu ya kweli yalibaki shuleni kwa mwalimu. Alinicheka kwamba nasema Kiswahili ya redio. Nami nilimcheka kwa kusema kila kitu "iko muzuri", hata homa.

Kilichotuunganisha kilikuwa kadi. Bibi wa duka, Mchina mfupi mwenye sweta la rangi ya zambarau kiangazi na kipupwe, aliuza pakiti ndogo za karatasi ya kung'aa, ndani yake mna kadi za wachezaji wa mpira na kikaratasi kimoja chembamba. Ulikuwa unanunua pia albamu yenye vidirisha vyenye namba, unabandika kadi mpaka vidirisha vyote vijae. Sisi tulikuwa na albamu moja, ya wote wawili, na gundi yetu ilikuwa wali wa jana uliopondwa kwa kijiko.

Kufungua pakiti kulikuwa na taratibu zake, usidhani ni kuchana tu. Tulikaa ngazini, kila mtu na yake. Kwanza unaitikisa sikioni. Pili unainusa, maana Jirani alishikilia kwamba kipa ananuka tofauti na mshambuliaji. Mimi nasema bismillahi, yeye anafanya ishara ya msalaba, halafu tunachana kwa pamoja na kulaza kadi kwenye goti, uso chini. Moja kwako, moja kwangu, tunageuza. Majina yaliandikwa kwa Kichina na sisi hatukujua kukisoma hata herufi moja, kwa hiyo tuliwabatiza wenyewe. Kulikuwa na Bwana Harusi, aliyepaka mafuta nywele mpaka kamera ikazimia. Kulikuwa na Mjomba, mwenye tumbo ambalo sijui lilimpitaje kocha. Kulikuwa na Kinyozi Amefunga, mwenye nywele mpaka mabegani. Mpaka leo nikiona mpira kwenye televisheni na watu wanataja majina makubwa makubwa, mimi moyoni nasema, kumbe yule ni Mjomba.

Sasa kile kikaratasi. Kilikuwa cha aina mbili. Cha kwanza tulimpelekea muuza simu wa pale chini, akakisoma haraka haraka bila kuinua macho, na sisi tukadaka neno moja: sheshe. Sheshe tulilijua, ni asante. Tukarudi tunaruka. Tumeshukuriwa na kiwanda. Kwetu sisi mtu akikushukuru kwa maandishi, tena yaliyopigwa chapa, hilo si jambo dogo. Cha aina ya pili alikisoma hivyo hivyo, tukadaka neno jingine: zailai. Na hilo pia tulilijua, ole wetu. Zailai ni njoo tena. Ndilo walilokuwa wanaambiwa baba zetu viwandani kila mzigo usipokuwa tayari, njoo tena kesho, njoo tena Jumatatu. Baba alikuwa anarudi amevimba mashavu, anavua viatu mlangoni na kumwambia mama, "Leo nao wamenipiga zailai." Na wewe unajua kwetu njoo kesho maana yake nini.

Basi vikaratasi vya sheshe tukavibandika kwa heshima ukurasa wa mwisho wa albamu, safu kwa safu. Vya zailai tulimtupia mdogo wake Jirani ili atuache tupumue. Yeye alivitia kwenye kopo la biskuti, akawa analala nalo.

Albamu ikajaa ikajaa, kikabaki kidirisha kimoja. Kipa wa timu ya jezi za njano. Tulikuwa hatujawahi kumwona hata kwa bahati mbaya, tukampa jina la Mgeni.

Ndipo wakasema wanarudi Lubumbashi. Baba yake kibali kilikuwa kinaisha na biashara ya vipuri ilikuwa imemshinda. Jirani aliniambia kule ngazini, akiangalia viatu vyake, na jambo la kwanza tulilofanya, badala ya kusikitika kama watu wenye akili, tulianza kugombania albamu. Tuligombana mpaka baba akatoka na solotepu mkononi. Akasikiliza huyu, akasikiliza yule, akahukumu kwa desturi ya kazi yake. Alisema, "Mzigo uliotimia unasafiri. Mzigo uliopungua unabaki stoo, unamsubiri mwenyewe." Maana yake, tukimpata Mgeni kabla hawajaondoka, albamu inakwenda na Jirani. Tusipompata, inabaki kwangu.

Ndugu yangu, utadhani nilifurahi kwa sababu nilitaka albamu. Nilitaka, ndiyo. Lakini kikubwa nilikuwa nimeshika ile sehemu ya mwisho, ya kumsubiri mwenyewe. Kwetu niliona watu wakirudi kutoka mbali kwa ajili ya boksi moja lililosahaulika nyuma ya mlango. Nikapiga hesabu zangu za kitoto kwamba albamu ikipungua, Jirani lazima atarudi kuja kuichukua. Kwa hiyo kila tulipochana pakiti nilisema bismillahi kwa sauti, na moyoni nikaomba Mgeni asije. Na alikuwa haji. Nikawa naona mambo yangu yananinyookea.

Mchana mmoja, siku chache kabla ya safari, binti mdogo akaingia kwao ameshika pakiti mpya, kopo lake kwapani. Hana hela, hajatumwa, pakiti imetoka wapi? Maman hakuuliza mara mbili. Alimshika mkono, akaacha sufuria jikoni, akashuka naye ngazi anamwambia Bwana Mungu mambo mengi kwa Kifaransa. Jirani akafuata na albamu kwapani. Mimi nikachukuliwa kama mkalimani, kwa sababu ya yale maneno yangu matano ya sokoni.

Maman akasimama mbele ya bibi wa duka, akamsukuma mtoto mbele. "Mwambie ameiba na ataomba pardon."

Kuiba kwa Kichina sikukujua. Nikanyooshea pakiti kidole, nikamnyooshea mtoto, nikasikitika kwa kichwa. Bibi akacheka. Akavuta droo, akatoa kikaratasi cha zailai, akakigonga kwa ukucha. "Zailai," akasema.

"Anasema tuje tena," nikatafsiri.

"Tuje tena lini?" Maman akauliza. "Na pakiti si tumeirudisha?"

Bibi akaona hatuelewani. Akalichukua kopo la biskuti kutoka kwapani kwa mtoto, akatoa kikaratasi kimoja, akakitia kwenye droo, akaweka pakiti mpya juu ya kaunta. Akatoa cha pili, akaweka pakiti ya pili. Akatuangalia. Akatoa cha tatu. Taratibu, kama maji yanavyopenya kwenye viatu, tukaanza kuelewa. Njoo tena maana yake njoo uchukue nyingine, ya bure. Tulikuwa tumemgawia mtoto zawadi zote, tukabandika asante.

Jirani, kwa kutaka kuhakikisha, akamfungulia bibi ukurasa wa mwisho wa albamu, akamwonyesha vile vikaratasi vya sheshe tulivyovibandika kwa wali. Bibi alivisoma, akavisoma tena, akaketi chini. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa sweta, akamwita na yule muuza mkate wa tanuri aje aone. Yule wa mkate naye akashika mbavu. Kumbe vile vilikuwa vya waliokosa, asante kwa kununua, nenda zako.

Tukalirukia kopo. Mtoto akafunga kifuniko, akakikalia. "Meyo," akasema. Hakuna. Neno hilo tulimfundisha sisi wenyewe, tukicheza duka. Kaka yake akambembeleza, nikambembeleza, tukamwahidi peremende, tukamwahidi viatu vya mama. "Meyo." Mfanyabiashara mzima pale, mwenye pengo mbele. Mwishowe akataja bei yake, kwamba pakiti zote atachana yeye, na sisi tusiguse mpaka aseme. Tukakubali, tungefanyaje?

Tulikaa kwenye kizingiti cha duka mchana kutwa. Maman akasahau aibu yake na sufuria yake, akavuta kreti la soda akaketi, akawa wa kwanza kupiga kelele kila kadi inapotoka. Mtoto alichana kwa meno. Baadhi ya pakiti zikatoa zailai nyingine, bibi akaleta nyingine, wapita njia wa Dar, wa Zanzibar, wa Lubumbashi wakasimama na mabegi yao kichwani kuuliza hapa pana nini, wakabaki. Bwana Harusi alitoka mpaka tukamchoka. Nakwambia sijawahi kucheka namna ile, nikasahau kabisa kwamba nilikuwa naomba tushindwe.

Halafu mtoto akachomoa kadi, na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye zaidi. Jezi ya njano, glavu kubwa, masikio mapana. Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili. Sikumtaka yule mtu, nakwambia wazi, nilimchukia na glavu zake.

"Mgeni huyo," nikasema.

Watu wakashangilia. Jirani hakuiangalia kadi, aliniangalia mimi. Akasogea, akaninong'oneza, "Jirani, tunaweza kusema hatukumuona."

Angejua alivyonipa jaribu. "Mzigo umetimia," nikamwambia, "bandika."

Maman alileta wali. Siku ya safari baba aliifunga albamu kwa plastiki na boksi gumu, akaiandika kwa kalamu nene kama alivyoandika mizigo ya watu wakubwa, na mimi nikashika ncha ya solotepu. Haikujikunja. Waliingia kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun, mtoto amekumbatia kopo lake tupu, na Jirani akapunga mkono mpaka gari likakata kona. Nilirudi juu nikala chakula changu chote, mama akashangaa.

Kesho yake nikashuka kununua pakiti. Kwa mazoea tu, albamu sina. Nikakaa kizingitini, nikaitikisa, nikainusa, nikasema bismillahi, nikachana, nikalaza kadi kwenye goti uso chini. Nikasubiri. Nilisubiri kidogo kabla ya kukumbuka kwamba hakuna mtu wa kugeuza naye. Hapo ndipo nililia, na nililia vibaya, kwa sauti.

Bibi alitoka nyuma ya kaunta. Hakunipa peremende wala kunifuta machozi. Alichukua pakiti moja rafuni kwake, akaketi kando yangu kwa taabu ya magoti, akaichana. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza, kwa jinsi alivyoichana vibaya. Akalaza kadi yake kwenye goti lake kama alivyotuona tukifanya, akaniangalia, tukageuza kwa pamoja. Kwake alitoka Mjomba. Akauliza kwa lugha yake huyu ni nani, nikamwambia kwa lugha yangu, na akaitikia kwa kichwa kama amemfahamu siku nyingi.

Bibi yule sijui yuko wapi, na kwa umri wake naogopa kuuliza. Yule wa mkate alihama. Watoto wa Xiaobei siku hizi nimewaona wameinamia simu, sikuona goti lenye kadi. Jirani nimemtafuta kwa jina lake la shuleni, wapo wengi, hakuna aliye yeye. Lakini njoo dukani kwangu Kariakoo siku ambayo mzigo umefika, uwaulize vijana wangu. Watakwambia tajiri wetu ana kituko kimoja, boksi hata liwe la sindano hafungui mpaka aite mtu aje akae naye.