Taa Nyekundu ya Kamera

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kutopiga picha. Ilikuwa Kimwani, kwenye mkutano wa wakulima, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia ambayo hakuna aliyeiulizia. Mkuu wa studio yetu ya video aliniacha nimrekodi mgeni rasmi kidogo tu, kisha akaninong'oneza: "Zima kamera, msomi. Lakini usiishushe."

"Sasa nitakuwa nafanya nini?"

"Unamheshimu."

Tuliita hiyo picha hewa. Mikanda ilikuwa ghali na hotuba ndefu, kwa hiyo mzungumzaji alielekezewa kamera isiyorekodi, akaenda nyumbani ameridhika. Siri ilikuwa taa ndogo nyekundu mbele ya kamera: ikiwaka, anarekodiwa; isipowaka, anaheshimiwa. Baada ya miaka mingi ya harusi na kipaimara, kutoka Muleba hadi Rubafu, nilikuwa naitazama ile taa kabla ya kumtazama bibi harusi.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa filamu ya vichekesho iliyopigwa Bukoba, kuhusu vijana wanaotaka kuwa wachekeshaji wa jukwaani. Mwongozaji alitoka Dar na neno moja mdomoni: uwakilishi. Kila Mtanzania ajione, alisema. Basi tukawa na Mhaya anayeomba maji ya kunywa kwa Kiingereza, kijana Mwislamu wa mjini, na Pendo, muuza dagaa wa kisiwa cha Goziba. Mimi nikapewa cheo cha mshauri wa uwakilishi. Nilikubali haraka, jambo ambalo lingepaswa kunitia wasiwasi.

Pendo alikuwa anachekesha kweli. Kwenye usaili nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Lakini kwenye muswada hakupewa hata utani mmoja. Alitakiwa akae ukumbini, acheke mhusika mkuu anaposema kwamba harufu ya watu wa visiwani hufika gatini kabla ya boti. Picha ya namna hiyo tuliiita mwitikio: uso wa msikilizaji, unaochukuliwa peke yake na kupachikwa baadaye popote unapotakiwa.

"Cheka tu, dada," Mwongozaji alimwambia. "Sura yako inatosha."

"Kaka, kwenye boti nimelipa nauli ya mwili mzima, sio ya sura. Nipande jukwaani niseme yangu kwanza. Halafu nitacheka."

"Sawa kabisa," alisema Mwongozaji. Upesi mno. Akamwendea mpiga picha, akamnong'oneza jambo. Pendo akapanda, kamera ikainuliwa. Nikatazama taa. Haikuwaka.

Mshauri mwenye busara angekohoa na kunyamaza. Nilikohoa. Kisha nikasema, "Samahani, Mwongozaji, taa haijawaka."

"Mshauri, kazi yako ni uwakilishi, si umeme."

Akina mama wa sokoni tuliowaleta wajaze viti wakageuka. "Taa ipi, anko?" Pendo akauliza. Nikamwonyesha, nikamweleza kuwa bila taa ile hakuna kinachorekodiwa.

Akamtazama mpiga picha. "Washa, mdogo wangu. Mimi nasubiri. Hata boti huwa inachelewa."

"Washa!" mama mmoja akadakia kutoka nyuma. "Sisi tumekuja kucheka, waitu, jamani!" Ukumbi mzima ukaitikia: "Washa! Washa!"

Ikawaka.

"Nikishuka Bukoba," Pendo akaanza, "watu wanaziba pua. Nikifungua gunia, wanaziba kwa mkono mmoja, wa pili unachagua dagaa. Halafu Mhaya haombi kupunguziwa bei kwa Kiswahili. Anaomba kwa Kiingereza, isije ikaonekana anaomba."

Wahaya ndio waliocheka zaidi. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika. Kisha Pendo akashuka, akaketi, akatoa mwitikio wake kama alivyoahidi: kicheko kimoja, safi, bila kurudia.

Mimi sikuitwa tena. Filamu ilipoonyeshwa mjini nilienda nimejiandaa kukasirika, maana nilihisi wamemkata. Hawakumkata. Alikuwepo, picha ikitikisika, na Mwongozaji akawaambia watu kuwa huo ndio mtindo wake. Majina yalipopita mwishoni, Pendo aliandikwa mchekeshaji. Langu nililitafuta kwenye washauri, halikuwepo. Lilikuwa chini kabisa: Umeme.

Nimestaafu na cheo hicho. Siku hizi nikiitwa kwenye kamati Muleba "kuwakilisha wasanii", nafika, nasalimia wote, na kabla ya kukaa nauliza ni nani atakayeandika nitakachosema. Wakianza kutazamana, narudi zangu kibanjani kupalilia migomba.