Mnyonya Damu Asiyempenda Mtu

Muuza vitabu wa mji wa Sake ananijua kwa ubishi wangu. Hutandaza turubai lake karibu na njia panda, pale magari ya Goma, ya Masisi na ya Minova yanapokutana na kupigiana honi. Upande mmoja anaweka viatu vya mitumba, upande wa pili vitabu vya Kifaransa vilivyochoka kusafiri. Kila nikifika ananichagulia kimoja, na kila mara jalada ni lilelile: msichana mwenye shingo ndefu, na nyuma yake kijana mtanashati mwenye meno.

"Mama mwalimu, vampiri iko. Ya muzuri kabisa. Banapendana mupaka mwisho."

"Sitaki bapendane."

"Sasa unataka bafanye nini?"

"Nataka aniogopeshe."

Hucheka mpaka anashika kiuno. Aliwahi kuniambia kwamba katika wateja wake wote ni mimi peke yangu ninayetoa pesa ili niogopeshwe, wakati hapa kwetu woga unapatikana bure. Nilinunua kamusi nisiyoihitaji ili nisiondoke mikono mitupu.

Lakini nina sababu zangu. Mnyonya damu anayelia kwa mapenzi ananikera. Anasimama dirishani mwa binti wa watu, anamwangalia amelala, na mwandishi anataka tumhurumie! Mimi nimewaona wenye bunduki wanaokuja nyumbani kwa watu kuchukua. Hakuna aliyekuwa mtanashati, na hakuna aliyekuwa na huzuni. Kitabu kinachoniambia kwamba mwovu anahitaji tu kukumbatiwa kinanitukana. Nilitafuta hata kwenye simu, nikipanda kilimani kufuata mtandao, na huko nako walikuwa wanabusiana.

Kosa ni la kitabu cha kwanza. Kaka yangu mkubwa alikileta kutoka shule ya bweni, hakina jalada, kona zimeliwa na panya. Wakati huo tulikaa kwenye milima ya Masisi, baba akichunga ng'ombe na mama akishughulika na maziwa. Mchana mama alipokaa kuosha ndoo na vibuyu, mimi nilikaa karibu yake na kitabu, nikisoma Kifaransa kimoyomoyo na kukitoa kwa Kiswahili kwa sauti. Mama hakuwahi kukalia dawati hata siku moja, lakini sijapata tena msikilizaji kama yeye.

Tulipofika mahali ambapo yule mgeni amesimama mlangoni, hawezi kuingia mpaka mwenye nyumba aseme karibu, mama aliacha kusugua ndoo.

"Na banamuacha inje, na baridi ile?"

"Mama, huyu ni mubaya. Anakunywaka damu ya bantu."

"Alisema hodi?"

"Alisema."

"Basi bao njo babaya kumupita."

Kwa mama, wabaya walikuwa wenye nyumba: kwetu mgeni hupewa maziwa kwanza, jina ataulizwa baadaye. Mama alikataa katakata kuelewa jinsi watu wazima, wenye nyumba ya mawe na moto unaowaka, wanavyojificha nyuma ya mlango mtu anapobisha. Aliona hicho kisa chote kingekwisha kwa kikombe kimoja. Kama wangempa maziwa, aliniuliza, damu angeitafutia nini? Nilibishana naye siku tatu. Siku ya nne yule mgeni aliingia, na nilipomaliza kusoma alichofanya, mama alivuta kiti chake polepole mpaka mgongo wake ukaegemea ukuta. Kisha akaona nimemwona, tukacheka wote wawili hadi baba, aliyekuwa nje, akauliza kuna nini. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Tangu siku hiyo, kila mchana, aliniuliza kabla sijakaa: "Leo anaingia wapi?"

Hatukufika mwisho. Tulikimbia vita na magodoro kichwani, tukateremka mpaka Sake, na katika vitu vilivyobaki nyumbani kulikuwa na kile kitabu. Mama alifariki hukohuko Sake, miaka kadhaa baadaye, kwenye chumba cha kupanga. Nilikuwa nimekwisha soma Goma na kupata diploma, nilikuwa na vitabu vyangu, na sikuwa na mtu wa kumsomea.

Kisha nikapewa kazi ya kufundisha Kifaransa Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale, ambako milima ya ng'ombe inaishia na mashamba ya watu wa msituni yanaanza. Nyumba yangu ni ya mbao, ya mwisho kwenye njia. Watu wanalima muhogo na ndizi, wananisalimu vizuri, wananitania kwamba mtoto wa maziwa atakonda huku kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wakishanitania wanapita kwenda zao. Nyumba ya mtu mzima asiye na mume wala mtoto, tena iliyojaa vitabu, haina kinachomfanya mtu asimame. Jioni ilikuwa inaanza saa kumi, nikishatoka darasani, na ilikuwa ndefu.

Aliyekuja alikuwa mmoja, jirani yangu wa karibu, mama mzee mjane. Kila siku jua likianza kulegea alisimama mlangoni na kigae chake cha kubebea moto.

"Hodi. Mwalimu, moto iko?"

"Iko, Mama. Karibu."

Aliingia, akaketi kwenye kigoda karibu na mafiga, akapumzisha magoti. Kaa la moto alilichukua mwishoni kabisa, baada ya habari za shamba, za mvua, za kuku wake mmoja mkaidi. Mara nyingi lilikuwa limezimika kabla hajafika kwake, na hakurudi kuchukua jingine. Kwetu milimani pia tuliombana moto namna hiyo nilipokuwa mdogo, na kila mtu alijua kwamba moto ni kisingizio tu. Miaka ya Goma ilikuwa imenisahaulisha. Niliona tu mama mzee anayetembea bure kila siku kwa kukosa kiberiti.

Siku moja njia ilipofunguka nilipanda pikipiki hadi Sake, na muuza vitabu, bila kucheka safari hii, alinitolea kitabu chembamba kutoka chini ya viatu. Alisema hakijapata mnunuzi kwa sababu hakina hata busu moja. Nilikianza palepale juu ya pikipiki, dereva akinikemea nimshike vizuri. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mgeni mzee, mwenye adabu zake, anakuja kwenye mlango wa familia moja kuomba vitu vidogo: maji ya kunywa, chumvi kidogo, moto wa taa yake. Hatishi mtu. Anashukuru, anaondoka, anarudi kesho. Na kila anaporudi, kuna mmoja ndani ya nyumba ambaye rangi yake imepungua.

Kesho yake jirani yangu alipokuja, sikuweza kujizuia. Nilimsimulia. Kwa mara ya kwanza tangu mama, nilikuwa nageuza Kifaransa kuwa Kiswahili mbele ya mtu anayenisikiliza, na nilijitahidi kweli. Nilikohoa kama yule mzee, nikagonga mbao za meza. Mkono wake ulibaki kwenye kigae.

"Anaombaka nini?"

"Vitu vidogo tu, Mama. Maji, chumvi. Moto."

"Moto."

"Njo vile. Na bakishasema tu karibu, inakwisha."

Alichukua kaa lake mapema kuliko siku zote, akaaga. Nilijisifu moyoni kwamba nimemtisha vizuri, na kama mama angekuwa hai angesema nimekua.

Siku iliyofuata nilikuwa kwenye kurasa mbaya kabisa, pale mtoto mdogo wa nyumba anapokwenda kufungua mlango mwenyewe. Nikasikia hodi. Nilikasirika, na lazima niseme hivyo. Niliinuka, nikachukua kiberiti kipya kutoka rafuni, nikatoka nacho mpaka kizingitini kabla hajaingia. Nilimpa kwa mikono miwili, nikitabasamu.

"Mama, shika hii. Hautasumbuka tena kuja kila siku."

Alikiangalia. Akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wazee wa huku, akasema asante. Mimi nikarudi kwa mtoto wangu na mlango wake.

Hakuja tena. Siku ya kwanza nilifurahia utulivu. Siku ya tatu nilisema labda shamba limembana. Wiki ilipopita nilikutana naye njiani akiwa amebeba kuni. Alinisalimu kwa adabu zote, kisha akatoka kwenye njia, akasimama kwenye majani yenye umande ili nipite mimi, mtu anayeweza kuwa binti yake. Nilipita. Siku hiyo wanafunzi walinisomea ukurasa mzima mimi sisikii.

Jioni nilimwagia maji mafiga yangu, nikachukua kopo, nikaenda kwake. Moshi ulikuwa unatoka juu ya paa. Nilisema hodi. Nikasema ya pili. Ya tatu alijibu akiwa hukohuko ndani.

"Ni nani?"

"Ni miye, Mama. Mwalimu. Moto yangu imezima."

Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa karibu, nyuma tu ya ubao wa mlango.

"Ile habari ya muzee ya mu kitabu, uliambia tena nani?"

"Hakuna muntu."

"Batoto ya masomo?"

"Hata batoto, Mama. Juu ya nini?"

Alifungua mlango kidogo, upana wa uso wake.

"Ulisema iko muntu muzee anakuyaka ku mulango kuomba moto, na bantu ba ile nyumba banakufa. Kesho yake ukanipa kibiriti juu nisikuye tena. Miye niko mujane. Mutoto sina, kaka sina. Muntu moja akisema neno sawa ile, wa pili atasema yeye pia aliona. Nitalala wapi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikijua kisa cha mama mmoja wa kilima cha pili, aliyeitwa mlozi baada ya homa kuua watoto wawili. Alifukuzwa akiwa na kilichomo mikononi mwake tu, na paa lake likachomwa. Yeye pia alikuwa mjane, yeye pia alipenda kutembelea watu. Mimi, mwenye kujigamba kwamba najua ubaya ulivyo, nilikuwa nimemketisha jirani yangu kwenye moto wangu na kumweleza kinaganaga jinsi wanavyoanza kumsema mtu kama yeye.

"Mama, sikukuwaza weye. Ni kitabu tu. Ile kibiriti nilikupa juu..."

Sikumaliza. Ningesema nilimpa kwa kumhurumia, na ingekuwa uongo. Nilimpa ili asije. Sikumdhania ulozi hata chembe, nilikuwa na kurasa zangu tu, lakini ni kweli sikutaka aje. Yeye alikuwa amelielewa hilo vizuri kuliko mimi.

Aliingia ndani, akarudi na kiberiti kimefungwa kwenye jani la mgomba. Kilikuwa kizima, hakijafunguliwa. Zaidi ya hicho, aliweka kaa la moto ndani ya kopo langu, kubwa, zuri, la kufika nalo nyumbani. Nilipokea vyote kwa mikono miwili. Niliomba msamaha, akasema si kitu, na hakusema karibu.

Kitabu nilikimaliza. Mwisho wake ni mzuri, maana yake ni mbaya: hakuna anayependwa na hakuna anayepona. Ni kitabu bora kuliko vyote nilivyowahi kusoma vya namna hiyo, na sitamsimulia mtu. Nilikirudisha Sake, nikakiweka juu ya turubai.

"Alikuogopesha?" aliniuliza muuza vitabu.

"Aliniogopesha."

"Sana?"

"Sana."

Alifurahi, akasema atanitafutia kingine. Nilimwambia asihangaike kwanza.

Jirani yangu alianza kuja tena mvua zilipoanza. Nadhani alinihurumia, au aliona ni hatari zaidi majirani wakituona hatusemezani. Anakuja saa ileile, na kigae chake. Mimi nimekwisha weka kigoda karibu na mafiga tangu mchana, mlango uko wazi, hakuna kitabu mezani. Anasema hodi, nasema karibu kabla hajafunga mdomo. Anabaki pale nje, vidole vya miguu mbele ya kizingiti, matone ya paa yakimwangukia begani.

"Ingia, Mama. Karibu. Mvua inakupiga."

"Hapa inatosha, mwalimu."

Najua mama yangu angesema nini kuhusu mtu anayeacha mgeni nje na baridi hii. Jana nilisema karibu mara nne. Alipokea moto, akanishukuru, akarudi kwake akiufunika kwa kiganja.