Mkanda wa Helmeti

Febronia wa Kabeza, muuza vitenge, mwanamke wa Ngara aliyeletwa Kigali na ndoa akabakizwa na biashara, hakuumbwa kumwamini mtu. Ukimsalimu, anakutazama kwanza ajue unataka nini. Maziwa huyanusa mbele ya muuzaji. Majirani walimwita Mama Mashaka, naye akaitika bila kinyongo, maana hakuona tusi liko wapi.

Kila Jumamosi alasiri alikwenda mtaa wa Niboye kufundisha watoto kuimba, katika kikundi cha vijana kinachoendeshwa na watu wa kujitolea. Hakujaliwa mtoto, na bora niseme wazi: alasiri ile ndiyo iliyokuwa furaha yake ya wiki nzima. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania mpaka sheria ikapitishwa: mtoto haondoki na mtu mzima mmoja peke yake, iwe kwa pikipiki, iwe kwa miguu. Anayeivunja anakaa nje ya kikundi mpaka jambo lake lichunguzwe. Wenzake waliipigia makofi, kisha wakaisahau.

Sasa, palikuwa na Régis, mwalimu wa ngoma. Aa, Régis! Mcheshi, mandazi mfukoni, utani mdomoni. Wazazi walimpenda kama wamemzaa wao. Febronia peke yake hakumpenda, na hata yeye hakujua kwa nini.

Jumamosi moja mvua ikatishia. Febronia akaichukua helmeti ya abiria iliyoning'inia kwenye pikipiki ya Régis, aiweke barazani isilowe. Mkono ukasita. Nani Kigali hajawahi kuuvuta mkanda wa helmeti ukae sawa chini ya kidevu chake? Huu ulikuwa umevutwa mpaka mwisho. Akaijaribu kichwani, mkanda haukufunga.

"Huwa unambeba nani, Régis?"

"Simubebi mtu, Mama. Iko inakaa tu hapo." Akacheka.

Mtu asiyebeba mtu amepimia kidevu kidogo hivi cha nani?

Akaanza kutazama. Palikuwa na Natacha, binti wa miaka kumi na miwili, mwenye sauti kuwashinda wote. Akifika langoni, huchungulia kwanza pale pikipiki inapoegeshwa, ndipo anaingia. Na siku hizi haimbi, anachezesha midomo tu. Febronia alijilaumu kwa kutoliona hilo mapema.

Jumamosi ya pili yake, jioni, akamsindikiza nyumbani, wawili tu. Walipokaribia mlango ndipo mtoto aliposema, akitazama viatu vyake, "Ananipitisha njia ya mbali. Alisema nisimwambie mtu."

Febronia hakumchokonoa zaidi. "Hujakosa kitu, mwanangu. Ila mimi hili nitalisema."

Mama yake Natacha, Xavérine, akaja juu. "Régis? Oya, hapana! Ule iko mtu ya kwetu, nyumba zetu zilipakana kule Bujumbura!"

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada yangu," Febronia akamjibu. Xavérine akafunga mlango.

Kesho yake kamati ya kikundi ikakaa, Régis naye akaitwa. Mwenyekiti Silvère, mwalimu mstaafu, mpole kupita kiasi, akajikuna kichwa. Labda ni msaada tu wa usafiri. Labda tumwonye, yaishe. Wengine wakashusha pumzi. Febronia akasimama kwa hasira, akataka sheria ifuatwe.

Régis akatabasamu. "Na mimi nauliza. Mama Febronia alimusindikiza mtoto na nani?"

Régis alidhani amemnasa.

"Peke yangu," Febronia akasema. "Nimeivunja sheria niliyoipigania mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu? Sitaki! Nitoeni leo hii. Na ukishanitoa, Mzee Silvère, geuka umtazame huyu, umwambie maneno yaleyale."

Silvère hakuwa na pa kupenya. Akamtoa Febronia, akamtoa na Régis, na habari yote ikapelekwa ofisi ya serikali ya sekta, kwa wanaoshughulikia mambo ya watoto. Régis akachukua helmeti yake, safari hii bila kucheka.

Jumamosi iliyofuata Febronia hakujua pa kuipeleka alasiri. Miguu ikampeleka Niboye. Akasimama nje ya uzio, machozi yakimlengalenga, wazazi wakimpita bila salamu: eti amewafukuzia watoto mwalimu mwema. Natacha akaja, mkono wake mkononi mwa Xavérine. Mama hakumtazama Febronia usoni. Mtoto akapita langoni moja kwa moja, bila kuchungulia kokote.

Ngoma hazikulia siku hiyo. Wimbo ukaanza kwa kusuasua, kisha sauti moja ikapanda juu ya zote. Febronia akaushika uzio kwa mikono miwili.

"Ni yeye," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na shaka.